Muulize Mwalimu: Nondo anayemzidi kindi uzito

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwangu kuna ubishi umetuharibia chakula cha jioni. Mwanangu wa darasa la sita aliona kwenye simu yangu picha ya nondo mkubwa aliyekutwa na mafundi ujenzi kwenye shule moja Australia, akatangaza kuwa nondo yule ni mkubwa kuliko kindi. Nikamwambia aache utani, mdudu hawezi kumzidi mnyama mwenye mifupa. Mama yake akamuunga mkono, sijui kwa hoja gani. Kindi wanaokuja kwenye mwembe wetu hapa Kihonda ni wakubwa, ukijumlisha na mkia wanazidi kiganja changu mara mbili. Tuamulie, maana mtoto kagoma kabisa kurudi nyuma.
Baba Swaumu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Baba Swaumu. Mtoto ameshinda, ila hajashinda kote. Nisome mpaka mwisho kabla hujamnunulia soda.

Kindi wa mwembe wako hana nondo wa kumtisha. Kindi wa miti tunaowazoea huku kwetu wana uzito wa mamia ya gramu, na hakuna nondo anayefika huko. Ukibaki Kihonda, wewe ndiye mwenye haki. Lakini mtoto hakutaja kindi wa mwembe wa baba yake, alitaja kindi. Na ukoo wa kindi ni mpana, una aina zaidi ya 250. Wamo wa ardhini wanaochimba mashimo, wamo wa mitini, wamo wa Asia wanaotandaza ngozi ya ubavuni na kuambaa hewani kutoka mti hadi mti. Katika umati huo yumo mmoja anayemwokoa mtoto wako.

Huyo ni kindi kibete wa Afrika, kitaalamu Myosciurus pumilio. Usimtafute Morogoro. Makazi yake ni misitu ya mvua ya Kameruni, Gabon, Guinea ya Ikweta pamoja na kisiwa cha Bioko, Kongo-Brazzaville na ile kona ya kusini mashariki mwa Nigeria. Mwili wake bila mkia ni sentimita 6 hadi 7.5, na mkia unaongeza kama 5 au 6 nyingine. Mgongo ni wa kahawia inayoelekea kijani, tumbo limepauka, na masikio yake madogo ya mviringo yana ukingo mweupe. Uzito wake ni gramu 16 hivi. Chukua kijiko cha chakula, chota sukari, iache ipande kidogo juu ya ukingo. Uzito huo ndio wa kindi mzima, na meno yake na mkia wake.

Nondo wa kwenye picha anaitwa Endoxyla cinereus. Ni wa mashariki mwa Australia, majimbo ya Queensland na New South Wales, na picha iliyozunguka sana ni ya mwaka 2021, pale shule ya msingi ya Mount Cotton, Queensland, mafundi walipokuwa wakijenga madarasa mapya. Mabawa ya jike yakitandazwa yanafika sentimita 23 kutoka ncha hadi ncha. Uzito wake unafika gramu 30, na ndiye anayehesabiwa kuwa nondo mzito kuliko wote duniani. Kwa hiyo upana wa mabawa unauzidi urefu wa kindi kibete pamoja na mkia wake, na kwenye mizani nondo anakaribia kuwa kindi wawili.

Nitoke nje ya mada kidogo. Picha ya mdudu kwenye simu usiiamini bila kuuliza. Mtu akimsogeza mende karibu na kamera na yeye mwenyewe akarudi nyuma, mende anaonekana kama sinia. Nondo huyu hakuhitaji ujanja huo, lakini wapo wengi wanaotumwa huku na huku ambao ni hila tupu za mpiga picha. Mfundishe mtoto kutafuta kidole cha mtu au msumari ndani ya picha, kisha apime kwa jicho.

Sasa ile sehemu ambayo mtoto hajashinda. Gramu 30 ni za jike, tena jike aliyebeba mayai, na mayai yenyewe yanaweza kufika 20,000. Ukimtazama kwa makini, nondo huyu ni tumbo lililopewa mabawa. Amejaa kiasi kwamba kuruka kwake ni kwa shida. Mara nyingi hukutwa amening'inia kwenye shina la mti au nguzo ya uzio, akisubiri dume amfuate. Dume ni mdogo, karibu nusu ya jike, na hapo kindi kibete anaanza kupumua. Akishataga, hata jike mwenyewe si yule wa kwenye picha tena. Mwambie mtoto kwamba amelinganisha kindi wa siku zote na nondo wa siku moja ya maisha yake. Hiyo ndiyo nusu yako, baba, itumie vizuri.

Mimi lakini, kwa miaka yote niliyoshika chaki, sijawahi kulipenda swali la nani mkubwa. Linaisha haraka mno. Hawa wawili wana swali tamu zaidi, nalo ni nani anakula lini, maana wote wawili wanaishi kwa mti.

Anza na kindi. Mtafiti Louise Emmons alikaa kwenye msitu wa Makokou, Gabon, na mwaka 1980 akachapisha kazi yake kuhusu aina 9 za kindi wanaoishi pamoja msituni humo. Tisa, ndani ya msitu mmoja, bila kunyang'anyana chakula kiasi cha kumalizana! Wakubwa wanavunja kokwa ngumu ambazo wengine hawaziwezi, wengine wanashinda chini, wengine hawashuki kutoka juu. Kibete wetu amejichagulia kitu ambacho hakuna anayekigombania, nacho ni uso wa gome lenyewe. Anapanda na kushuka shina, kichwa juu au kichwa chini kwake ni mamoja, huku akikwangua chembe za gome kwa meno. Akikuta mdudu anakula, akikuta tunda anakula, lakini kazi yake ya kila siku ni kukwangua. Kwangua, sogea, kwangua. Hatulii, na hawezi kutulia, sababu naieleza hivi punde.

Nondo naye yuko kwenye gome hilohilo kwa maana ya mti, ila yeye yumo ndani. Kiwavi wa Endoxyla anapoanguliwa ni kitu kidogo sana, kinashuka kwa uzi wa hariri na kupeperushwa na upepo. Akishakua kidogo anatoboa shina la mkaratusi. Ndiyo, mikaratusi hii tunayopanda kwa nguzo za umeme na kuni. Asili yake ni huko Australia, na nashukuru nondo huyu hakusafiri pamoja na mbegu. Humo ndani ya shina anaweza kukaa hata miaka mitatu akila na kunenepa, mpaka afike urefu wa sentimita 15. Kuna kasuku weusi wenye mkia wa njano huko ambao hulitambua shina lenye kiwavi, wakalipasua kwa mdomo mpaka wamfikie. Kiwavi akinusurika, anageuka pupa, yaani analala ndani ya ganda akibadilika kuwa nondo, humohumo kwenye tundu lake, na siku ya kutoka anajisukuma hadi mlangoni. Ganda la pupa linabaki limechungulia nje ya shina, tupu.

Nondo anayetoka hapo hana kinywa cha kulia. Hali chochote maisha yake yote yaliyobaki, ambayo ni siku chache. Mafuta aliyoyahifadhi alipokuwa kiwavi ndiyo chakula chake, ndiyo petroli yake, ndiyo yaliyotengeneza yale mayai. Na usidhani hayo ni mambo ya Australia tu. Tuna nondo wa kijani mwenye mikia miwili mirefu, Argema mimosae, anayepatikana Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Kiwavi wake hula majani ya mng'ongo, kifukofuko chake kinang'aa rangi ya fedha na kina vitundu vidogo vidogo, na yeye akishatoka humo na uzuri wote ule hali kitu mpaka anakufa.

Kwa nini kindi asifanye hivyohivyo, akale miezi kadhaa kisha astarehe? Chukua chaki. Chora mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Nyuso zake 6 zina eneo la sentimita 6 za mraba, na ujazo wake ni sentimita 1 ya ujazo. Chora mwingine wa sentimita 10. Eneo ni 600, ujazo ni 1,000. Yule mdogo ana eneo 6 kwa kila 1 ya ujazo, mkubwa ana 0.6. Joto linatengenezwa ndani, kwenye ujazo, na linapotelea nje, kwenye ngozi. Mnyama mdogo mwenye damu moto ana ngozi nyingi mno kwa mwili alionao, kwa hiyo joto linamkimbia usiku na mchana. Kindi kibete anatakiwa aendelee kuwa na joto hata akiwa amelala, na malipo ya joto hilo ni chakula cha leo. Cha jana kimeshaungua. Ndiyo maana hatulii.

Mdudu hana deni hilo. Akipumzika, anapoa akalingana na hewa iliyomzunguka, na matumizi yake yanashuka karibu na sifuri. Gramu 30 za nondo ni akiba iliyokaa kimya. Gramu 16 za kindi zinaungua muda wote.

Na kuhusu mifupa, baba, hapo ulikaribia jambo la kweli bila kulikusudia. Mdudu hana mapafu wala damu ya kusafirisha oksijeni kama yetu. Hewa inaingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambaa kwa mirija midogo hadi kwenye misuli. Mfumo huo unafaa sana mwili mdogo, lakini kadiri mwili unavyokua, mirija inadai nafasi zaidi na zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutokumwona nondo wa ukubwa wa mbuzi. Lakini kati ya gramu 16 na 30 mfumo wa mdudu bado unamudu, na huko ndiko mwanao alikokukamatia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha pili. Darasani tumefundishwa kwamba wadudu wana damu baridi. Lakini kuna nondo wanene wanaokuja kwenye taa ya kibaraza chetu, na kabla ya kuruka wanatetemeka mabawa kama watu wenye homa. Je, wanasikia baridi au wanaumwa?
Mwanafunzi, Lushoto

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko la Baba Swaumu, naomba asikasirike. Hawaumwi. Wanawasha injini.

Kwa Lushoto, jioni ya Juni au Julai, utaliona vizuri sana. Mtafute nondo mnene aliyetulia ukutani, wale wenye mabawa membamba yaliyochongoka na kifua kilichojaa manyoya. Msogelee taratibu na mguse kidogo kwa unyasi. Hataruka papo hapo. Ataanza kutetemesha mabawa, mwendo mfupi sana, hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha kumwinua. Baada ya muda mtetemo unaongezeka kasi, mabawa yanafunguka zaidi, halafu ghafla hayupo.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Kifuani mwake kuna misuli ya kupandisha mabawa na misuli ya kuyashusha. Akiruka, zinafanya kazi kwa zamu. Akitetemeka, zinakaza pamoja, zinavutana, kwa hiyo mabawa hayaendi popote na nguvu karibu yote inageuka joto. Yale manyoya ya kifuani yanalizuia lisitoke. Bernd Heinrich, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipima nondo wa Marekani anayeitwa Manduca sexta na kuonyesha kwamba kifua chake kinapanda hadi nyuzi joto zaidi ya 35 kabla ya kuruka, hata kama hewa ni ya baridi. Zaidi ya hapo, akiwa angani na kifua kikielekea kupita kiasi, anasukuma maji ya mwili yenye joto kutoka kifuani kwenda tumboni, yakapoe huko. Kidhibiti joto kamili, ndani ya mdudu.

Kwa hiyo kwenye mtihani andika ulichofundishwa, upate alama zako, lakini kichwani weka kwamba nondo mnene ana damu baridi akiwa amekaa na kifua cha moto akiwa anaruka. Tofauti yake na kindi ni kwamba yeye anazima. Akitua, ndani ya dakika chache amepoa.

Ombi moja tu kwako. Ukimaliza kumtazama, zima taa. Wengi wa hao wana siku chache za kutafutana, tena kwa harufu. Dume ana vipapasio vilivyochanua kama unyoya kwa ajili hiyo tu. Harufu ya kwanza ya namna hiyo kutambuliwa na wanakemia ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959, na Adolf Butenandt na wenzake walilazimika kutumia tezi za nondo kama nusu milioni ili wapate kiasi cha kupima, wakati dume mwenyewe anainusa chembe chache tu hewani. Dume huyo akipita karibu na kibaraza chenu anaishia kuizunguka balbu hadi alfajiri, na usiku wake umekwisha.

SWALI: Jambo mwalimu. Mimi nasoma gazeti lenu hapa Bukavu. Nauliza mambo mawili. Kindi wadogo kama hao uliowahi kuwataja wako katika misitu yetu? Na viwavi ambavyo watu wanakula sana Kongo, vile vya kukausha, kweli navyo ni watoto wa nondo?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Jambo sana. Kibete mwenyewe ni wa magharibi, kwenye zile nchi nilizozitaja kwa Baba Swaumu, Bukavu ni mbali naye. Lakini msiwaonee wivu. Milima yenu ina kindi wa Ruwenzori na kindi wa Carruthers, ambao ni wa ukanda huo wa milima unaoshirikisha Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi peke yake. Mtu wa Tanga kama mimi, kindi hao angelazimika kupanda gari kuwafuata.

Kuhusu viwavi, ndiyo, ni watoto wa nondo, wengi wao nondo wakubwa wa ukoo uleule wa yule wa kijani mwenye mikia. Huko Kinshasa wanaviita mbinzo. Cirina forda ni mmoja anayejulikana sana. Na hapa mambo yanaungana na hesabu ya nondo asiye na mdomo, kwa sababu chakula chote ambacho nondo angekitumia kuruka, kujamiiana na kutaga kimewekwa kwenye mwili wa kiwavi. Anayekula kiwavi mkubwa, siku chache kabla hajawa pupa, anakula akiba nzima. Kiwavi mkavu ana protini karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Kindi huwezi kumpata hivyo. Yeye hajiwekei mafuta ya miezi, na kumkimbiza kwenyewe kunakula nguvu. Ila wavunaji wasikate mti kwa ajili ya kuvuna viwavi vya msimu mmoja. Mti ukianguka, nondo wa mwakani hana pa kutagia.

SWALI: Mwalimu, mahindi yangu Handeni yanaliwa. Wengine wanasema kindi, wengine wanasema nondo. Nimkamate nani?
Mkulima

JIBU: Inategemea mahindi yamefika wapi. Kama umepanda juzi na leo unakuta vishimo vidogo kwenye mstari, mbegu hamna, hapo mshuku kidiri, kindi wa ardhini, pamoja na ndege na panya. Anafuata mstari wako shimo kwa shimo. Mche ukishaota na kusimama, hamu inamwisha.

Kama majani yana matundu na ndani ya kikonyo cha juu, pale majani machanga yanapochomoza, kuna unga wa kinyesi unaofanana na vumbi la mbao, hapo ni kiwavijeshi vamizi. Mtoe umtazame usoni: ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Nondo wake, yule anayeruka usiku, ni wa kijivu, mabawa yake hayafiki sentimita 4, na hagusi jani la mahindi. Yeye hunywa maji ya maua. Lakini jike mmoja anataga mayai zaidi ya 1,000, na alipoonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 hakuchukua hata miaka miwili kuenea sehemu kubwa ya bara. Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mche ukiwa mdogo, ponda mafungu ya mayai chini ya majani, na kama ni kupuliza dawa, puliza viwavi wakiwa wadogo. Akishajichimbia kikonyoni dawa haimfikii. Bwana shamba wa kata atakwambia ipi inafaa kwako, usinunue ya kuambiwa na muuza duka.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Ukutani kwangu, hasa nyuma ya kabati na pembezoni mwa dari, kuna vimfuko vidogo vya kijivu, bapa, vimechongoka pande zote mbili kama mbegu ya tikiti. Nilidhani ni uchafu, nikafagia, kesho yake vimehama. Jirani ananiambia ni mayai ya mjusi. Vina madhara?
Mama wa Chukwani, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mayai ya mjusi hayatembei, mwambie jirani kwa upole. Hao ni viwavi wa nondo wadogo sana, jamaa wa karibu wa nondo wa nguo. Kila mmoja anajishonea mfuko kwa hariri yake mwenyewe, kisha anabandika vumbi na chembe za mchanga za ukutani kwako, ndiyo maana rangi inafanana na ya chokaa. Mfuko una urefu wa sentimita 1 hivi na uko wazi pande zote mbili. Weka mmoja kwenye karatasi nyeupe, usiutikise, ungoje. Kichwa cha kahawia kitachomoza na miguu ya mbele, ataburuta nyumba yake kidogo. Mzibie njia kwa kidole: atajiingiza, atageukia ndani kwa ndani, na kichwa kitatokea upande wa pili.

Haumi, haleti ugonjwa. Anakula nywele zilizodondoka, utando wa buibui, wadudu waliokufa. Kitu cha kuchunga ni sufu: zulia la sufu, koti la baridi lililokunjwa miaka, kofia ya mzee iliyosahauliwa sandukuni. Kanga na vitenge safi vya pamba havimpendezi. Nondo wenyewe, wale wadogo wanaorukaruka ukifungua kabati, usihangaike kuwakimbiza na kandambili kwa kudhani ndio wanaotoboa. Mwenye meno ni kiwavi.

Vuta kabati kutoka ukutani, toa utando wa buibui wote mpaka juu, fagia nyuma na chini, na uchafu uutupe nje ya nyumba, usiuache kwenye ndoo ya jikoni, maana watatembea warudi. Nguo za sufu zianike juani na kuzikung'uta mishono, huko ndiko mayai yanakojificha. Nyumba yenye unyevu inawapenda, kwa hiyo kama ukuta huo umepakana na bafu, tazama bomba kwanza.